Mtani Aliyekasirika

Kilomita ya arobaini na moja, Levina aliacha kuisikia miguu yake.

Hakushtuka. Tangu wamzike baba yake wiki tatu zilizopita, viungo vilikuwa vinamuaga kimoja kimoja. Ulianza ulimi: wali wa matanga aliutafuna kama pamba. Yakafuata macho, ambayo hayakutoa hata tone. Leo ilikuwa zamu ya miguu, na vidole vya mikono navyo vilikuwa vinafunga virago kwenye usukani.

Ganzi tupu.

Mbele yake lami ya kutoka Tabora kwenda Usoke ilinyooka katikati ya miombo. Juu ya lami hiyo, watu arobaini wenye kaptula za kubana walikuwa wanakanyaga pedali. Tangazo liliuita "Msafara wa Magharibi: Pita Walikopita Wapagazi". Wapagazi wenyewe walipita na mizigo vichwani, na hawakutozwa kiingilio.

"Asali Mbili, unanipata?"

Ilikuwa sauti ya Octavian, mkuu wake wa Idara ya Ujasusi, ikitoka kwenye kidude cha sikioni kidogo kama punje ya mtama.

"Nakupata, Mkuu."

"Chupa iko kwenye kundi lako la mbele. Ya plastiki, rangi ya bluu."

"Kila mtu kapewa chupa ya bluu. Hata mimi ninayo."

"Basi mshukiwa mmoja tumeshamtoa."

"Nani?"

"Wewe."

Levina angecheka, kama kicheko nacho kisingekuwa kimeshaondoka na basi la kwanza.

Ndani ya chupa hiyo mlikuwa na vijidudu. Mtu akivinywa, vinapita tu. Nyuki akivinywa, anavipeleka kwenye mzinga, na watoto wote wanafia kwenye masega. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa na maghala ya dawa ya ugonjwa huo. Ilichokosa ni ugonjwa wenyewe kufika Tabora.

Saa tano asubuhi msafara ungesimama Usoke, kwenye manzuki, shamba la mizinga ya nyuki, waonje asali. Pale palikuwa na birika la maji ya nyuki. Chupa moja ikimwagwa humo, mpaka masika mizinga yote ya Urambo ingekuwa kimya.

Na manzuki ile ilikuwa na mwenyewe. Jina lake Josepha. Marehemu mume wake alimwachia mizinga mia mbili na kumi na mbili, na redio moja. Redio ilikuwa mbovu.

Josepha alikuwa mama yake Levina. Yeye alijua mwanawe anauza bima.

"Kwa nini tusiusimamishe msafara?" Levina aliuliza.

"Ataimwaga porini, na nyuki wanakunywa popote. Namtaka na chupa yake mkononi."

Sawa. Levina alikuwa na baiskeli ya Trek, Garmin ya kupimia mwendo kwenye usukani, Glock 19 kwenye mfuko wa jezi mgongoni, na pampu. Pampu hiyo ilitengenezwa na fundi wa Idara. Ukibonyeza kulia, unajaza upepo. Ukibonyeza kushoto, unalaza mtu. Fundi alisisitiza asichanganye.

Kundi la mbele lilikuwa la watu watatu, yeye akiwemo. Wa pili alikuwa Mdenishi mrefu, mwekundu kama nyanya, aliyepiga picha kila bani la kukaushia tumbaku, kila jabali na kila mbuzi. Wa tatu aliitwa Anton, kijana mwenye mapaja ya kazi. Fomu yake ilisema ni Mgogo, mzaliwa wa Mpwapwa.

Jasusi yeyote angemtazama Mdenishi. Levina alimtazama Mdenishi kwa kilomita arobaini.

Ndipo wakapitwa.

Aliyewapita alikuwa mwanamume wa makamo juu ya Phoenix, ndoo mbili tupu za asali zikigongana kwenye karia. Baiskeli yake haikuwa na gia, haikuwa na breki, na haikuwa na aibu.

"Mwangaluka, dada!" alisalimia kwa Kinyamwezi. "Baiskeli ya mamilioni, na unakwenda kama unasindikiza maiti?"

Levina alisubiri maneno yamchome. Hayakuchoma. Alimfahamu mtu huyu: Luhende, mbeba asali wa Usoke. Luhende hakumtambua ndani ya helmeti na miwani.

"Namsindikiza huyu Mgogo, kaka," alijibu, akimwonyesha Anton kwa kidevu.

"Mgogo!"

Luhende alichangamka kama mtu aliyeokota ng'ombe. Zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wanashuka pwani, Wagogo waliwasimamisha njiani na kuwatoza hongo ya kupita, hata ya maji ya kunywa. Ugomvi ule uliishia kuwa utani, na utani unasema hivi: nitakutukana, utanitukana, na kukasirika ni mwiko.

"Mbukwa, mtani!" Luhende alimsalimia kwa Kigogo, akimsogelea. "Babu zako walitutoza hongo mpaka tukafika baharini uchi. Leo unapita kwetu! Toa hongo, ama ushuke usukume!"

"Nzuri," alisema Anton.

"Nzuri nini? Nimekuuliza kitu kizuri mimi? Na mguu huo umeuazima wapi? Mgogo gani ana mguu wa kuku wa kizungu?"

"Tafadhali, mzee. Usinisumbue."

Luhende alimgeukia Levina, uso umempwaya. "Dada, huyu anaumwa?"

Levina alikuwa ameuona tena mchanga mwekundu wa kaburi la baba yake. Siku ile Mgogo mmoja, fundi cherehani wa Itetemia, aliruka kaburini akalala chali. Akasema chumba kina mtu, marehemu akatafute pengine, mpaka aletewe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Levina peke yake hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Mkuu," alinong'ona. "Ni Anton."

"Ushahidi?"

"Amekasirika."

"Watu hukasirika."

"Si kwa mtani."

Octavian, Mnyamwezi wa Puge aliyeoa Mgogo, hakuuliza tena.

Kilomita ya hamsini. Kituo cha ndizi na maji. Anton aliegemeza baiskeli yake kwenye mti, akaenda kunywa maji ya mezani. Ya chupa yake hakuyagusa. Jua lile, jasho lile, na hakuyagusa.

Levina alikwenda pale mtini na baiskeli yake. Akaichomoa ile chupa.

"Mateka!" alipaza sauti. "Huyu mtani amegoma kutoa hongo. Chupa hii ataikomboa kwa jogoo!"

Watu walicheka. Mdenishi alipiga picha. Mgogo wa kweli angemvua Levina helmeti na kudai ng'ombe wawili.

Anton alimpiga kikumbo.

Levina alianguka, Trek ikamwangukia, na chupa yake mwenyewe ikachomoka. Chupa mbili za bluu zikabingirika vumbini. Anton alinyakua moja, akarukia baiskeli, akapotea mbele.

Levina aliokota iliyobaki. Aliipapasa kutafuta mkwaruzo mdogo wa chupa yake, usioonekana kwa macho. Vidole havikumwambia kitu.

"Mkuu. Moja anayo yeye, moja ninayo mimi. Sijui ipi ni ipi."

"Fungua unuse."

"Nikidondosha tone humu porini je?"

"Usifungue! Gari liko dakika ishirini nyuma. Mfuate."

Alimfuata.

Kilomita kumi na mbili. Garmin ilisoma thelathini na nane. Arobaini na moja. Arobaini na nne. Mabani ya tumbaku yalikimbia kurudi Tabora. Anton alikuwa mita mia tatu mbele, halafu mia mbili, halafu mia mbili na kumi. Mguu usiouma hauchoki, au unachoka bila kukuarifu. Levina aliikanyaga Shimano gia ya mwisho na kuwaza mizinga mia mbili na kumi na mbili, na mama yake akitembea katikati yake, akitega sikio.

Usoke. Reli. Kibao cha asali. Anton alikata kushoto.

Levina alipoingia manzuki, Anton alikuwa ameshainama birikani.

"Mgeni, karibu," Josepha alikuwa anamwambia, "ila maji hayo ni ya nyuki, yako ni hay—"

Chupa ilishapinduliwa.

Hatua ishirini. Levina alichomoa pampu. Akabonyeza kushoto.

Fyuu.

Anton alishika kalio, akageuka, akafungua mdomo kulalamika. Hakulalamika. Alilala kifudifudi kando ya birika kama mtu aliyechoka na safari.

"Mama, usiguse!"

Lakini Josepha aliishi na nyuki miaka arobaini, na mtu wa nyuki haogopi kuonja. Alikuwa ameokota chupa, amekung'uta tone la mwisho kidoleni, na kidole kilikuwa kinywani.

Alikunja uso.

"Ndimu," alisema. "Na sukari, na chumvi. Nani anawapa nyuki maji ya mgonjwa wa kuhara?"

Ndivyo Levina alivyojichanganyia mwenyewe alfajiri, Tabora mjini.

Akaigusa ile nyingine, kwenye mfuko wa mgongoni. Ilikuwepo. Imefungwa.

"Mkuu. Chupa ninayo."

"Na mtu wetu?"

"Amepumzika."

Alivua miwani. Josepha alimtazama mwanawe, akamtazama mgeni, akaitazama pampu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Kisha: "Hiyo bima mnaiuzaje?"

"Huyu alikuwa mbishi."

Levina alimfunga Anton pingu. Luhende aliingia, ndoo zikigongana, akaegesha Phoenix na kumchungulia aliyelala.

"Amelipa hongo?"

"Amelipa."

"Uongo. Huyu si Mgogo."

Gari la Octavian lilifika, likapokea chupa na mtu wake. Levina aliinua Trek yake. Msafara ungefika Urambo saa nane, na ingeonekana vibaya muuza bima akipotea njiani. Alipokishika tu kishikio, nyuki mmoja alitua juu ya kidole chake, akafikiri kidogo, akachoma.

Levina alisubiri, kama alivyosubiri kila kitu wiki tatu hizi.

Iliuma.

"Lete nikutoe mwiba," alisema Josepha, akinyoosha mkono.

"Acha kwanza, mama."

Akapanda baiskeli, akaondoka taratibu kwenye lami, kidole kile kimoja amekiinua juu ya usukani, kikivimba.