Kisigino ya Mama Merdi

Mama Merdi anauzishaka mikate ku soko, mu Naviundu. Jirani yake, Mama Plamedie, anauzishaka sabuni pembeni yake. Kila asubui balikuwa banaenda pamoja, kucheka tu mu njia.

Kisha kisigino ya Mama Merdi ikaanza kuuma. Usiku, hakuna kitu. Lakini asubui akitoka mu kitanda, akafika ku mulango, muguu inachoma sawa amekanyaga musumari. Akijikaza kutembea, inapunguka. Magaribi inarudia.

Sasa muntu akiumia tu pale ku mulango yake, ku sisi anawaza nini? Anawaza dawa ya kuroga, yenye muntu anategaka mu udongo. Mama Merdi akachimbua udongo ya mulango, hakupata kitu. Moyo haikutulia. Nani anapitaka hapa kila asubui? Mama Plamedie. Basi akaacha kumusalimia. Ku soko akahamisha meza yake kule mbali, fasi bantu habapitake. Mikate ikabaki. Hasara ya kujitakia, miye nakuambia.

Bwana yake, Lucien, akachoka na ile kimya ya bale bamama.

"Mama Merdi, twende ku centre de santé, baganga baangalie ile muguu. Kama haiko dawa, utakuwa umechukia muntu bure."

Kule bakakuta Annie, kiné. Kazi yake ni kutunza misuli na mifupa kwa mikono na mazoezi. Akauliza:

"Mama, siku yote unasimamaka wapi?"

"Ku simenti ya soko."

"Na viatu gani?"

Mama Merdi akamuonyesha babouche yake, nyembamba sana. Annie akafinya kisigino na kidole. Mama Merdi akavuta muguu mbio.

"Chini ya muguu kuko mushipa mugumu, inatoka ku kisigino mpaka ku vidole," Annie akasema. "Ukisimama sana, inachoka, inaumia. Ukilala, inajikunja. Asubui ukikanyaga, inavutika kwa nguvu. Njo maana inauma."

"Kumbe haiko mulango yangu?"

"Ata ukilala mbali, ku Kambove, mama, itakuuma ku mulango ya kule."

Lucien akacheka. Annie akaendelea:

"Mbele ya kutoka mu kitanda, pitisha kitambaa chini ya vidole, vuta polepole. Kisha egemea ukuta, muguu ya kuuma ibaki nyuma, goti inyooke, kisigino isitoke chini. Tafuta viatu yenye soli nene. Haitapona kesho, ni kazi ya miezi. Ikivimba, ao homa ikikukamata, rudia hapa."

Mama Merdi akafanya vile. Polepole maumivu ikapunguka. Lakini haya ya kumushuku jirani ikabaki, ikamukula moyo. Siku moja akaenda kwa Mama Plamedie.

"Unisamehe. Muguu ilikuwa inaniuma, nikawaza weye njo ulinitegea dawa."

Mama Plamedie akatoa babouche yake, akashika kisigino.

"Ya kwangu pia inauma, asubui tu. Miye nilisema ni weye njo uliniroga."

Bakaangaliana. Mama Merdi akacheka, machozi ikamutoka.

"Leta kitambaa, mama," akasema. "Ikala chini hapa, nikuonyeshe."