Siga ya Saa Kumi

Shuka lilikuwa limetoka majini muda huo huo, bado linachuruzika, na lilinuka moshi.

Hanna alilishusha kutoka kambani, akalipeleka puani mara ya pili. Harufu ya sabuni haikuwepo. Kilichokuwepo ni harufu nzito, tamu kidogo, ya tumbaku ya kifahari, kana kwamba mtu amejifunika shuka lile akavutia humo. Akageuka kuitazama nyumba. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limeshakausha umande kwenye migomba, na ndani hakukuwa na mtu. Mumewe alikuwa kazini mjini tangu saa moja. Akalirudisha shuka kwenye beseni, akalifua upya, na kwa siku hiyo akayaacha hapo.

Mumewe, Philemoni Sumari, alikuwa mwonjaji wa kahawa. Kwa miaka ishirini na minane alisimama mbele ya meza ya vikombe, akiinama juu ya kila kimoja, akichota kwa kijiko, akivuta kwa kishindo na kutema, kisha akiwaambia wanunuzi kahawa ile imetoka mteremko upi wa Meru na kama mvua iliikuta ikiwa bado chanjani ikikauka. Wenzake walisema Sumari anaweza kunusa uongo. Ndiyo maana Hans, waliyepata naye kipaimara mwaka mmoja na ambaye sasa alikuwa na lodge yake Usa River, alimwita yeye alipopata boksi la siga.

Zilikuwa sigara nene za majani matupu ya tumbaku, zimekunjwa kwa mkono. Hans alieleza kwamba zilitengenezwa mwaka mmoja tu, kwa majani ya shamba moja ambalo halilimwi tena, na hazitatengenezwa nyingine. Boksi moja lilikuwa na bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Wageni wake wakubwa walikuwa wakiziulizia, naye kabla ya kuagiza zaidi alitaka kujua jambo moja: zinastahili bei ile, au watu wananunua uhaba na hadithi?

Philemoni hakuwa mvutaji. Lakini alikuwa na msemo wake, kwamba bei haina ladha, na mwenye kutaka kujua kitu akifunike jina akionje. Akaivua siga karatasi ya jina, akaiwasha, akakaa barazani kwa Hans saa nzima na nusu. Alipomaliza hakuwa na jibu. Jioni ile alimsimulia mkewe kwamba theluthi ya kwanza ilikuwa na mbao kavu na pilipili manga, ya pili asali ya msituni, na katika ya tatu mlikuwa na kitu ambacho hajawahi kukutana nacho maishani, na kila alipokaribia kukipa jina kilirudi nyuma, kama mtu anayekuita kwa kidole huku anaondoka. Hans alikuwa amempa nyingine tano kwenye kikasha cha mti, akamalizie kazi nyumbani.

"Nikikijua kile cha mwisho," alisema, "nitaacha."

Basi ikawa kila siku, saa kumi alasiri, Philemoni yuko kwenye baraza yao kule Nkoaranga, ameuelekea mlima, siga mkononi. Hanna hakupenda, ila hakumkataza. Tangu wamzike binti yao Rachel, miaka minne iliyopita, mumewe hakuwa na kitu alichokitamani. Aliona heri atamani hata moshi.

Juma la pili Philemoni alirudi nyumbani mapema, akakaa jikoni bila kuvua koti. Alimweleza mkewe kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameonja vikombe kumi na viwili, na vyote vilikuwa maji ya moto. Alikisia kwa kuwatazama wenzake usoni. Kesho yake alikisia vibaya mbele ya wanunuzi, na mkuu wake akamwambia kwa heshima akapumzike mpaka atakapopona.

"Siumwi," alimwambia Hanna. "Nikivuta ile nasikia kila kitu. Nikiizima, dunia inazimika."

Ndipo Hanna alipoanza kuangalia kwa makini, na kadiri alivyoangalia ndivyo alivyotamani asingeangalia. Vitunguu viliiva kwenye mafuta bila kutoa harufu. Zizi lilinyamaza, na mafuta ya taa yalikuwa kama maji ya bomba. Alifungua kikasha akazikuta siga tano, wakati mumewe alikuwa amevuta zaidi ya kumi. Akazichukua zote, akazitumbukiza kwenye choo cha shimo, na aliporudi ndani kikasha kilikuwa mezani, kimefunikwa, na ndani zimo tano.

Siku moja ya ukungu, ukungu ule unaoshuka kutoka Meru mchana kweupe na kuifanya migomba ionekane kama watu waliosimama, Hanna alikaa nyuma ya pazia akamtazama mumewe akivuta. Alisikia Philemoni akivuta pumzi, kisha, baada yake, kwa uvivu, pumzi nyingine ikivutwa hapo hapo barazani, ndefu, ya mtu anayeonja. Philemoni alitoa moshi mdomoni, na moshi ule haukupanda juu kama moshi wa watu, ulikwenda mbele kidogo, ukapinda, ukagawanyika kuwa nyuzi mbili nyembamba zilizo sambamba, kama zinazoingia kwenye tundu mbili za pua, na hapo, mbele ya uso wa mumewe, hatua moja tu kutoka alipokaa, zikaishia hewani. Na Philemoni alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, kama anayemsubiri mkubwa amalize.

Hanna alimwita Mwinjilisti Elirehema na wanajumuiya. Walikuja saa tisa wakaimba, wakasoma, wakamwekea Philemoni mikono kichwani, naye akatulia kama mtoto anayenyolewa. Ilipofika saa kumi mwinjilisti alikatiza sala katikati ya neno. Alijinusa kiganja, akajinusa kwapa la koti lake, uso ukamparara. Alisema atarudi na mchungaji. Wanajumuiya waliondoka pamoja naye bila kunywa chai, na hakuna aliyerudi.

Alhamisi yake Hanna alitoka kukata majani ya ng'ombe. Alipofika mlangoni alimwona mumewe amesimama katikati ya jikoni, siga mdomoni, kiberiti mkononi, njiti tayari imeshikwa. Hakunusa kitu. Alichokisikia ni sauti, sss, nyembamba, ikitoka kwenye jiko, na jicho lake likaona kifungulio cha gesi kiko wazi, na hakujua kiko wazi tangu saa ngapi. Aliangusha majani, akamrukia mumewe, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Philemoni hakushindana naye. Alimtazama tu kwa macho yaliyojaa machozi.

"Mama Rachel," alinong'ona, "ananiharakisha."

Hanna alifunga gesi, akamburuta mumewe mpaka uani, akamfungia kwenye ghala la kahawa na kuweka ufunguo kifuani. Kisha akachukua pikipiki mpaka barabara kuu, na kutoka pale gari mpaka Sakina. Alikuwa ameambiwa kuna mwanamke wa Kiarusha huko, Simaloi, aliyeuza tumbaku na ugoro maisha yake yote, na ambaye watu walimwendea kwa mambo ambayo kanisani hayasemwi. Alimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mzee sana, akichambua maharage.

"Shikamoo, koko," Hanna alisema, akimwita bibi kwa lugha yake.

"Marahaba. Usikae karibu. Wewe huna harufu."

Hanna alikaa mbali, akaeleza yote. Mzee alisikiliza bila kuacha kuchambua. Kisha akasema kwamba vitu vya namna hiyo watu wa pwani wanaviita majini, yeye anamwita mgeni. Hali nyama wala hanywi damu. Anakula harufu, ndiyo maana wanaomjua humfukizia ubani akashiba akaenda zake. Huyu alikuwa amekaa kwenye majani ya lile shamba miaka na miaka, na wote waliozivuta siga zile walivuta kwa majivuno, hawakumwona. Lakini Philemoni yeye alimtafuta. Alimfuata mpaka theluthi ya mwisho akamwuliza jina.

"Mgeni haingii asipokaribishwa," Simaloi alisema. "Huyu alikaribishwa na pua bora kuliko zote. Sasa anakula kwa kupitia pua hiyo. Akimaliza harufu za nyumba atakula za mwili, na mwili usio na harufu ni maiti."

"Nimtoeje?"

"Mpe kitu anachokitamani kuliko mumeo. Harufu moja ambayo haipo mahali pengine popote. Unayo?"

Kule nyumbani kwa Hanna, chini ya kitanda, kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani yake, ndani ya nailoni mbili, kanga aliyoivaa Rachel siku zake za mwisho. Hanna hakuifua. Mara moja kwa mwaka alikuwa akifungua kopo, anaingiza uso humo kwa pumzi moja tu, na kulifunga. Philemoni hakujua. Miaka minne alikuwa amemnyima mumewe pumzi ile, kwa kuogopa kwamba wakiwa wawili itaisha upesi.

"Ninayo," alisema.

"Basi ujue, utakachompa kitakuwa chake. Usije ukakidai."

Kesho yake saa kumi ukungu ulishuka tena. Hanna alimtoa Philemoni ghalani, akamkalisha barazani. Alikuwa amekonda kwa siku moja kama aliyeugua mwezi, na alipopumua hakukuwa na joto lolote katika pumzi yake. Siga ilikuwa tayari mkononi mwake, inawaka, wala hakuna aliyeiwasha. Hanna alipiga magoti na kopo mapajani. Pumzi ile ya kivivu ilianza kusikika, upande wa kushoto, kisha karibu zaidi, kisha juu kabisa ya kichwa chake, na nywele zake zikavutwa juu taratibu kama zinavyovutwa na upepo, ingawa jani la mgomba halikutikisika.

Philemoni alifumbua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa kavu kama majani yanayosagwa.

"Fungua."

Hanna alifungua. Na kwa muda mfupi, yeye ambaye kwa wiki nzima hakuwa amenusa kitu, alimsikia binti yake: mafuta ya nazi ya nywele, maziwa mgando, sabuni ya hospitali, na chini ya hivyo vyote ile harufu ya shingo ambayo mama huijua tangu siku ya kwanza na haina jina. Alitaka kufunika. Mikono yake ilikwenda kwenye kifuniko yenyewe, akailazimisha kurudi chini, akaikalia. Pumzi ilivutwa, ndefu, ndefu kuliko pumzi ya kiumbe chochote chenye mapafu, na harufu ya Rachel ikachomolewa kwenye kanga, ikapita usoni mwa mama yake, ikaenda. Siga ikazimika. Philemoni aliangukia mbele, akakohoa maji meusi sakafuni.

Alipoinua uso alikuwa analia.

"Mibuni imechanua," alisema. "Mama Rachel, mibuni imechanua na mimi sikujua."

Ilikuwa imechanua kweli, myeupe shamba zima. Hanna alimkumbatia, naye akamnusa shingoni, nyweleni, viganjani, kama mtu aliyefika kutoka safari ya mbali. Kikasha kilikuwa kitupu. Kanga ilikuwa kama imetoka dukani.

Hanna hakumwambia mumewe habari ya kanga. Alijiambia atamwambia wiki ijayo, na wiki ilipofika alijiambia vivyo hivyo. Philemoni alirudi kwenye meza yake ya vikombe. Hans alipopiga simu kuuliza jibu lake, Philemoni alimjibu kwamba ni tamu kuliko kitu chochote alichowahi kuonja, na asinunue hata moja. Hans alicheka, akidhani ni mzaha wa mwonjaji.

Mwezi ukapita. Alasiri moja ya manyunyu Philemoni alikuja mpaka mlango wa jikoni, miguu ina matope, akabaki nje. Uso wake ulikuwa laini, umepoteza miaka. Alimwashiria mkewe amfuate taratibu, asiongee kwa nguvu. Walikwenda mpaka ukingo wa shamba, pale mibuni inapoanza, na ukungu ulikuwa umekaa kati ya mistari.

"Leo ni siku ya nne anakuja saa hizi hizi," Philemoni alinong'ona. "Nilidhani nina wazimu. Mafuta yake ya nazi. Maziwa. Sabuni ile ya hospitali. Ni yeye, Mama Rachel. Ni mtoto wetu kabisa."

Hanna alivuta pumzi. Alisikia matope na majani mabichi, basi. Aliona ukungu kati ya mibuni ukipinda, ukigawanyika nyuzi mbili, ukivutwa kuelekea mahali palipokuwa patupu.

"Baba Rachel, turudi ndani."

"Amesimama tu. Anaona haya. Anasubiri tumkaribishe."

Hanna alimshika mkono. Maneno yote aliyopaswa kuyasema yalikuwa pale mdomoni, kopo, kanga, miaka minne, akamgeukia ili ayaseme, akaona mumewe anatabasamu. Hakuwa amemwona akitabasamu hivyo tangu siku ya msiba. Akachelewa kwa pumzi moja.

"Karibu, mama," Philemoni aliuambia ukungu, kwa sauti ya baba anayempokea binti yake kituoni. "Karibu nyumbani. Mlango uko wazi."

Kitu kikampita Hanna begani, chepesi, bila hatua, kikielekea nyumbani.