Kuku wa Pilipili wa Baba

Kila Jumapili baada ya ibada, Wahu alivua viatu vya kanisani, akafunga leso kiunoni na kuingia jikoni kumenya vitunguu saumu. Baba yake, Mzee Waithaka, alikuwa mpishi katika mkahawa wa Kichina katikati ya jiji la Nairobi. Siku yake ya mapumziko aliwapikia watu wa nyumbani kwake Kabiria kuku wa pilipili kavu, pilipili zenye kuwasha hadi midomo ikafa ganzi. Mama hakuthubutu hata kuonja. Basi Wahu na baba yake walikula wawili, sahani moja, wakivuja jasho na kucheka.

Mwaka wa 2006, Wahu akiwa darasa la sita, shangazi yake alilazwa hospitalini. Binti yake, Cate, akaletwa kukaa nao. Jumapili ya kwanza Cate alionja kuku, machozi yakamtoka, akanyoosha mkono tena.

"Kumbe tumepata bingwa!" Baba akacheka, akamsogezea paja. Siku zote paja lilikuwa la Wahu.

Wahu aliacha kula. Jioni, wakianua nguo, alimwambia Cate, "Baba anaona haya kukwambia, lakini tangu uje chakula hakitoshi. Anataka ule kidogo."

Cate aliinamisha kichwa. "Sawa. Tafadhali usimwambie mama yangu. Atalia."

Tangu hapo Cate alidai ameshiba kabla ya kula. Asubuhi alikunywa chai tupu. Jumapili alisema tumbo linamuuma, akakaa nje. Wahu alipata paja lake, lakini Baba hakucheka hata kidogo. Alitazama mlangoni tu.

Jumatano, shuleni kwao, Cate alianguka gwarideni. Mwalimu Hezekiah alimbeba hadi ofisini, akampigia Mzee Waithaka simu, kisha akamwita Wahu.

"Mbona huli, mwanangu?" Baba aliuliza alipofika, akichuchumaa mbele ya Cate.

Cate alimtazama Wahu. Hakumsema.

Wahu akaangua kilio. "Ni mimi, Baba! Nilimdanganya kwamba umemkataza. Niliona wivu. Nilidhani utampenda yeye, mimi uniache."

Baba hakumgombeza. Alimnunulia Cate maziwa na mkate, akangoja amalize. Wahu akamwomba Cate msamaha.

"Nimekusamehe," Cate akasema polepole. "Lakini niliamini kabisa kwamba Mjomba hanitaki."

Jumapili hiyo walikula watatu. Cate alipiga chafya kwa ukali wa pilipili, nao wote wakacheka. Kicheko kilipotulia, Baba akamgeukia Wahu.

"Ulitumia jina langu kumshindisha mtoto njaa. Hilo limeniuma. Upendo wangu si sufuria ya ugali, eti mmoja akipakua, mwenzake abaki na ukoko. Wivu ukikushika, njoo uniambie, hata kama unaona aibu. Ukiuficha utazaa uongo, na uongo haukosi wa kumuumiza. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Haya, kuleni."