Antena Isiyorudisha

Redio ilisema "Eddah" saa nne asubuhi, nayo haikuwa imeunganishwa na waya wowote. Thuo alidhani masikio yake yamechoka.

Alikuwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, kule Yamumbi, akipima antena mpya. Ilikuwa ya masafa mapana, ya kuwezesha zahanati moja ya Turkana kuwafikia madaktari saa yoyote, hata hali ya hewa iwe mbaya namna gani. Shaba yake aliiokota chini ya mlingoti mkuukuu uliopigwa na radi. Jirani yake, Mama Jebet, alimkanya.

"Kitu imepigwa na radi haibebwi nyumbani, Thuo. Ngoja wazee waitakase kwanza."

Thuo alicheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa kipimo kilikuwa kinamshangaza. Kila antena hurudisha kidogo ya nguvu inayopelekewa, na ukitaka masafa mapana lazima ukubali hasara mahali fulani. Hii haikurudisha kitu. Alipanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu, sindano haikutikisika. Kilichoingia kilimezwa chote. Thuo alifurahi, maskini.

"Eddah!" redio ikaita tena, kwa sauti ya Thuo mwenyewe.

"Eeh, nakuja!" mkewe akaitikia kutoka jikoni.

Kila mtoto huambiwa asiitikie sauti ambayo hamwoni mwenyewe. Lakini ni mke gani asiyemwitikia mumewe? Eddah alifika mlangoni, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Karakana ilinuka nywele zilizoungua.

Hospitalini walisema koo halina kasoro. Eddah, aliyeimba akifua, akipika, hata akikasirika, sasa alilia bila sauti, na nyimbo zake zikawa zinatoka redioni kutwa nzima, polepole, zikichanganyika na mvumo wa upepo usiokuwepo, na Thuo alipotoa betri ziliendelea, na alipoifunika redio kwa blanketi ziliendelea, mpaka akaketi sakafuni akashika kichwa asijue la kufanya.

Kesho yake Mama Jebet akamleta Mzee Kipyego, mmoja wa wale wazee wa kutakasa.

"Rudisha shaba pale uliitoa," mzee alinong'ona. "Usiache hata kipande."

Koleo la Thuo lilipogusa waya wa kwanza wa antena, redio ikapiga kelele. "Thuo, wacha! Niko huku ndani!"

Thuo akaliondoa koleo. "Mzee, huyo ni yeye?"

"Hata mimi sijui. Kata tu."

Akakata, akilia. Walipomaliza kufukia shaba chini ya mlingoti ilikuwa saa saba mchana. Aliporudi, redio ilikuwa kimya na Eddah alikuwa amesimama mlangoni.

"Karibu, Thuo. Chakula iko tayari."

Ilikuwa sauti yake kabisa. Thuo alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa hadi Mama Jebet akasikia ng'ambo ya ua.

Wakaketi kula mukimo. Eddah hakuwahi kugusa chakula bila kukiombea, lakini leo alianza tu kula. Thuo akajiambia ni njaa. Nywele zake zilikuwa na harufu ya kuungua.

Ndipo kule karakanani, kwenye redio isiyo na betri wala waya, sauti nyembamba ikaita.

"Thuo? Nani huyo anakula na wewe?"

Mwanamke aliyeketi mbele yake aliendelea kutafuna.

"Usiitikie," akasema kwa upole.