Sanduku Lisilotoa Maji

"Mwansa, usibapoteze."

Sauti ya Chef Constantin, mkuu wake wa upelelezi, ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola.  Mwansa alikaza gesi ya pikipiki yake ya Yamaha, vumbi jekundu la barabara ya Kasenga likimjaa mdomoni.

Mbele, kanta tatu, malori madogo ya wauza samaki. Zote zimebeba masanduku ya barafu. Moja imeficha vichupa mia nne vya damu iliyoibwa maabara, damu ya watoto ambao malaria yao haisikii dawa tena. Ng'ambo ya Luapula, wageni wanaingojea. Ikivuka, utafiti wote umekwenda.

Mwizi ni nani? Hakuna aliyejua.

Miezi kumi na moja Mwansa alijificha pale maabara kama mfagiaji, akimpelelezea Chef. Docteur Gauthier, mkuu wa maabara, ndiye aliyemtoa kwenye ufagio. Alimfundisha kunyonya mbu kwa mrija, kuwatambua kwa mabawa, kusoma tone la damu kwenye mikroskopu. Wiki iliyopita alimwambia nafasi ya fundi wa maabara imefunguliwa, na jina lake liko la kwanza.

Shuleni Mwansa aliishia darasa la sita la msingi. Hiyo kazi aliitaka kweli. Baada ya misheni hii angemwomba Chef amwache kule.

Kasomeno. Kizuizi cha polisi kikasimamisha kanta zote.

"Tufungue yote?" aliuliza polisi.

"Apana. Jua itaharibisha damu."

Mwansa alitembea polepole, akitazama chini ya magari.

La kwanza lilidondosha maji.

La pili pia.

La tatu, kavu. Moshi mweupe tu, unateremka kwenye kifuniko.

Barafu ikiyeyuka inalia. Azoti, kile kimiminika baridi sana cha maabara, inafuka tu, hailii. Docteur mwenyewe alimfundisha.

Bastola ya Makarov ikatoka. Mlango ukafunguka.

Kando ya dereva, chini ya kofia ya majani, Docteur Gauthier.

 Mwansa hakuishusha bastola.

"Kumbe ni weye, Mwansa?"

"Ni miye, Docteur. Shuka."

Docteur alitabasamu kidogo. "Nilikuambiaka uko na macho."

"Mikono juu ya kapo, pale mbele ya gari."

"Sikia, mwanangu. Uniache nipite. Juma lijalo, lundi, unaanza kazi ya fundi. Nani mwingine atakupatia, na ile sixième primaire yako?"

"Hakuna."

Akamfunga pingu.

"Chef, tumemushika. Ni Docteur. Damu iko baridi."

Chef alijibu redioni: "Muzuri. Labo inafungwa leo. Bantu bake bote banatoka, na jina yako kule inafutwa. Kesho uko na jina ingine, na misheni ingine."

Mwansa alikuwa na ombi lake la kubaki. Alilimeza.

"Nimesikia, Chef."

Polisi alileta karatasi ya ushahidi, kalamu sikioni.

"Mama, kazi yako nini?"

Mwansa alitazama kanta. Docteur alikuwa ameinamisha kichwa.

"Fundi wa labo," alisema.

Polisi akaandika.

Mwansa alivaa miwani yake ya jua, akaenda kwenye Yamaha bila kugeuka.