Unga wa Dereva Ulioninyang'anya Usukani

Nina umri wa miaka thelathini na sita, na mimi ndiye kifungua mimba katika nyumba ya watoto watatu. Nyumbani ni Idsowe, kijiji cha kando ya mto. Mama alituacha kwa maradhi, na msimu wa mafuriko uliofuata baba akachukuliwa na mto. Nilikuwa darasa la saba. Dada yangu Hawayu alikuwa na miaka tisa, na mdogo wetu Jilo hakuwa amefikisha mitano. Jamaa walikaa matanga, wakala, wakaondoka... Mimi nikaikunja sare yangu ya shule na sikuivaa tena.

Nilianza kwa kubeba makreti ya maembe. Baadaye nikawa utingo, na nilipofika miaka ishirini na mitatu nikakabidhiwa lori. Tulikuwa tukichukua maembe ya delta, huku mto unakokaribia bahari, kuyapeleka kiwanda cha juisi, kisha tunarudi na unga wa mahindi na mafuta ya kupikia hadi stoo ya tajiri mmoja wa Garsen. Watu wote walimwita Hajji.

Asiyeijua kazi ya lori hudhani dereva anaishi kwa mshahara. Haishi. Mkulima akimaliza kupakia, kreti la mwisho hulirusha juu ya kichwa cha lori. Hilo ni la dereva. Kiwandani, ukisubiri zamu ya kushusha, unapewa sahani ya wali na maharagwe. Kinu cha unga hugawa kalenda na kofia mwisho wa mwaka. Kuna wakati nilikuwa na kofia saba na sina viatu vya kwendea kanisani.

Lakini kwa Hajji kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Pakiti za unga zilizopasuka njiani zilikuwa za dereva. Karani humwaga unga ndani ya gunia, na karatasi tupu huwekwa kando. Wakala wa kinu akija, anaziangalia zile karatasi na kumrudishia Hajji pakiti nzima. Hajji hapati hasara, na dereva anakwenda nyumbani na ugali wa wiki nzima. Madereva wote wa njia ile waliujua mpango huo, na hakuna aliyewahi kuuliza swali.

Unga huo ndio uliowalea wadogo zangu. Hawayu alikuwa na chekeche lake, akiuchekecha mara mbili kutoa mchanga na nyuzi za gunia. Watoto wa jirani walimtania: "Nyinyi mnakula barabara." Naye aliwajibu, "Ndiyo, na tunashiba."

Jilo alipomaliza kidato cha nne bila kupata kazi, nilikwenda kwa Hajji kumwombea. Karani wake wa kupokea mizigo alikuwa ameondoka.

"Nitamchukua kwa jina lako, Komora," Hajji akaniambia. "Simjui yeye, nakujua wewe. Akiharibu, umeharibu wewe."

Nikakubali. Kwa nini nisikubali? Nilimlea mwenyewe. Nilimfundisha hata kufunga vifungo vya shati.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, nikaanza kuona gunia langu linakuwa zito. Nilifurahi... Nilijiambia barabara imezidi mashimo. Siku moja nikaokota karatasi tupu stooni, nikaigeuza.

Pakiti ikipasuka njiani hufunguka chini, pale karatasi ilipokunjwa na kugandishwa kwa gundi. Miaka yote hiyo sijaona ikipasuka kwingine. Hii ilikuwa imefunguka ubavuni, mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Nikaokota ya pili. Ubavuni. Ya tatu, vivyo hivyo.

Wiki hiyo hiyo nilisimama Tarasaa kunywa chai. Mama mmoja mwenye duka la karibu akaniita kwa bashasha.

"Dere! Mbona leo umekuja bila mzigo wangu?"

"Mzigo gani, mama?"

"Unga wako, jamani. Si nduguyo huniletea kwa pikipiki? Wateja wameuzoea. Wanauita unga wa dereva."

Gunia lilikuwa pale mlangoni, na kopo la kupimia juu yake. Kumbe gunia langu zito lilikuwa ni masalio tu.

Nilimkuta Jilo nyumbani jioni hiyo, Hawayu akiwa anachekecha unga barazani. Nilimuuliza mbele ya dada yake anapitisha wembe kwenye pakiti za watu tangu lini. Hawayu akaacha kuchekecha.

Nilitarajia akane. Hakukana. Alisema anataka kununua pikipiki yake, na kwamba hakuna anayeumia maana kinu hurudisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Kaka, si wewe ulinionyesha?"

Hapa ndipo ninapolazimika kusema jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye usukani, mafuriko yalikata barabara ya kijijini kwetu na watu wa Idsowe wakahamia sehemu za juu. Nilifika Garsen na mzigo. Jilo, akiwa na miaka kumi na miwili, alinifuata pale lorini kunieleza kwamba yeye na Hawayu hawajala tangu jana. Nilikagua mzigo wote. Safari hiyo hakuna pakiti hata moja iliyopasuka. Hata moja...

Ningeweza kumwomba Hajji. Nafikiri angenipa. Lakini niliona haya kuomba, kwa sababu kupewa nilikuwa nimezoea na kuomba sikuwa nimezoea. Nikaweka kidole gumba chini ya pakiti, pale kwenye gundi, nikabonyeza mpaka ikafunguka. Jilo alikuwa amesimama kando yangu. Nikamwambia, "Hii imepasuka njiani. Umeona?" Akaitikia, "Nimeona, kaka."

Sikurudia tena. Naapa sikurudia. Lakini yeye hakuisahau siku hiyo.

Sasa niambieni, wasomaji wenzangu, ningemjibu nini? Nilimwambia aache, akaahidi kuacha. Nilikuwa na nafasi ya kwenda kwa Hajji asubuhi na kumweleza ukweli wote, wa wembe na wa kidole gumba. Sikwenda. Nilisema huyu ni mdogo wangu, yamekwisha, tuyazike humu ndani. Hawayu alinionya. "Kaka, hili halizikiki," alisema. Nikamnyamazisha.

Baada ya siku chache nikafika Garsen na mzigo, nikamkuta wakala wa kinu stooni, kijana mwenye miwani. Karatasi za miezi mitatu zilikuwa zimetandazwa juu ya mizani. Hajji alinikaribisha kama kawaida, akaagiza hata soda yangu.

"Komora," akasema, "huyu bwana ana wasiwasi. Mimi nimemwambia nina dereva ambaye sijawahi kumtilia shaka. Mwambie mwenyewe. Hizi zilipasuka njiani?"

Jilo alikuwa nyuma yake, ameshika daftari. Hakuniangalia.

"Zilipasuka njiani, Hajji," nikasema. "Barabara ni mbaya."

Yule kijana akacheka. "Hii barabara yenu inanyoa ndevu pia? Maana naona inatembea na wembe."

Hajji hakucheka. Aliinua karatasi moja akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole kwenye ule mstari. Kisha akamwita Jilo na kumuuliza nani amefanya haya.

Jilo alitazama sakafu. "Mimi hufanya ninavyoagizwa na kaka," akasema.

Ningesema nini? Nusu dakika tu iliyopita nilikuwa nimetetea uongo wake kwa mdomo wangu mwenyewe. Nani angeniamini nikibadilisha? Hajji aliuliza mara moja tu, "Ni kweli?" Nikanyamaza. Nilidhani namkinga mdogo wangu. Alikwisha kunitupa, na mimi bado namkinga...

Hajji alimpigia simu mwenye lori aliyeniajiri, naye akanifuta kazi pale pale. Funguo nikaziweka juu ya mizani, kando ya zile karatasi. Soda niliiacha bila kuionja.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Hajji aliufuta mpango ule kwa madereva wote. Sasa pakiti ikipasuka, hurudishwa kinuni na unga wake ndani. Wenye maduka wengine wa Garsen wakaiga. Dereva mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe alinikuta sokoni akaniambia, "Umetukosesha hata cha bure, Komora." Ana watoto wanne.

Leo nimerudi nilikoanzia. Nabeba makreti ya maembe begani, na la mwisho narusha juu ya kichwa cha lori la mtu mwingine. Unga tunanunua dukani, pakiti nzima, na Hawayu bado anauchekecha mara mbili kwa mazoea.

Jilo yuko Hola, anaendesha pikipiki. Mwezi uliopita alituma bunda la unga, akaagiza niambiwe ananisalimu na anaomba radhi. Nililia. Lakini kabla ya kulia, nilizitoa pakiti moja moja, nikazigeuza ubavuni na kuzikagua. Hawayu aliniona.

Wenzangu mnaopewa vitu kazini, pokeeni kwa shukrani, maana mtu aliyekupa amekuthamini. Siku kisipokuwepo cha kupewa, omba. Aibu ya kuomba huisha siku hiyo hiyo. Na ukiwa na mtoto unayemlea, jihadhari na anachokuona ukikifanya siku ya njaa. Mimi nilibonyeza pakiti moja. Ningekwenda kwa Hajji siku ile na kusema, "Wadogo zangu hawajala," huenda hadi leo ningekuwa nyuma ya usukani, na ningekuwa na ndugu ambaye zawadi yake naipokea bila kuikagua.