Ndoo ya Mvua, Ghorofa ya Tano

Caren alikuwa akimchana Dorah nywele. Mtoto alikuwa na miaka miwili, na hakutaka kutulia. Nywele zake zilikuwa kavu, zinakatika kwenye kitana.

"Ni haya maji ya bomba," Caren alimwambia mumewe. "Kule Kakamega mama alituosha kwa maji ya mvua. Nywele zilikuwa laini sana."

Dancan alikuwa akivaa sare. Alikuwa mlinzi wa ofisi moja kule Jumeirah Lake Towers.

"Sasa mvua utaitoa wapi, Mama Dorah? Hapa ni Dubai."

"Leo itanyesha. Simu imesema."

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa Machi. Asubuhi hiyo utabiri wa hali ya hewa wa nchi nzima ulikuwa umefika kwenye simu. Caren aliufungua, akaona picha ya wingu na matone. Akafurahi, akafunga simu. Chini ya picha kulikuwa na maneno mengine. Hakuyasoma.

"Mvua ya hapa haiwezi kulowesha hata kuku," Dancan alisema. "Lakini mtu wa Kakamega akiona wingu moja, tayari anatafuta ndoo!"

"Nenda kazini, wewe," Caren alimjibu akicheka.

Kweli alitafuta ndoo. Waliishi Al Barsha, ghorofa ya tano, na roshani yao ilifunikwa na roshani ya juu. Mvua isingefika ndani. Basi Caren akaining'iniza ndoo nje ya vyuma vya roshani. Aliifunga kwa kipande cha leso kuukuu. Akakaza fundo mara mbili.

Saa tisa alasiri mbingu zilijaa vumbi. Kisha mvua ikashuka, mvua ya kweli. Caren alimbeba Dorah dirishani, wakatazama ndoo ikijaa.

"Maji!" Dorah alisema.

"Ndiyo, mama. Maji yako."

Ndipo upepo ukaja. Ulikuja ghafla, ukapiga mlango wa roshani kwa nguvu. Ndoo ikayumba. Leso ikachanika. Caren alifungua mlango, akanyoosha mkono, lakini ndoo haikuwapo tena.

Kutoka chini alisikia kishindo. Halafu mtoto akapiga kelele.

Caren alishuka ngazi mbiombio, Dorah kiunoni. Mbele ya mlango mkubwa alimkuta Lujain, msichana wa miaka saba wa ghorofa ya kwanza. Alikuwa ametoka tu kwenye basi la shule. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Hatua moja kutoka miguuni pake, ndoo ilikuwa imepasuka vipande vipande.

Bibi yake, Bi Amna, alikuwa amemkumbatia. Alikuwa mzee wa Unguja aliyeishi Dubai miaka mingi. Humam, mlinzi wa jengo, aliokota mshikio wa ndoo. Kipande cha leso kilikuwa bado kimefungwa.

"Hii ya nani?" aliuliza.

Watu wote walitazama juu. Roshani zilikuwa nyingi.

"Ni yangu," alisema.

Bi Amna alimwangalia. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaingia ndani.

Tangu siku hiyo Lujain hakupita tena mlango wa mbele. Bi Amna alimpitisha nyuma, kwenye maegesho ya magari. Kila asubuhi Caren aliwaona wakizunguka jengo zima, bibi akitembea polepole kwa sababu ya magoti.

Siku ya nne Caren alibisha mlango wa Bi Amna.

"Hodi, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Sikujua."

"Hukujua nini? Kuwa ndoo huanguka?"

Caren aliinamisha kichwa. "Sikujua kama kutakuwa na upepo."

"Uliambiwa, mwanangu. Lete simu yako."

Waliketi. Bi Amna alivaa miwani, akaufungua ule utabiri wa siku ile.

"Hapa uliona wingu. Ukaishia hapo. Haya, teremka, soma."

Caren alisoma taratibu. "Upepo... kilomita sitini kwa saa. Na vumbi."

"Upepo huo hubeba kiti, sembuse leso yako. Na hii rangi?"

"Manjano."

"Manjano maana yake kuwa mwangalifu ukiwa nje. Rangi ya chungwa maana yake hatari inatarajiwa, jitayarishe. Nyekundu ni hatari kubwa kabisa. Hapo usitoke, ufuate wanachosema wakubwa wa nchi. Kisha tazama ni sehemu gani na ni saa ngapi. Usisome mvua peke yake."

"Na kwenye roshani niache nini?"

"Usiache kitu. Ndoo, kiti, kamba ya nguo, chungu cha maua, vyote ndani. Ukifunga, upepo utafungua."

Caren alifuta machozi. Bi Amna alivua miwani.

"Ulisema ni yako," alisema. "Wangapi wangesema?"

Wiki mbili baadaye utabiri mwingine ulifika. Caren aliusoma mpaka neno la mwisho. Rangi ilikuwa ya chungwa. Upepo mkali, mvua na radi, Dubai na kaskazini, kuanzia saa sita mchana.

"Dancan, amka! Ingiza viti."

"Yalla, haya, bosi," Dancan alisema, lakini safari hii hakucheka. Walitoa kila kitu kwenye roshani. Kisha Caren akagonga milango ya ghorofa ya tano, akapanda ya sita na ya saba. Wengine walimshukuru. Mmoja alisema, "Khalas, basi, tumesikia!" akafunga mlango. Baadaye Caren alimsikia akiburuta vyungu vyake ndani.

Siku hiyo shule zilisomesha watoto nyumbani kwa mtandao. Upepo ulivuma mpaka jioni. Vioo vilitetemeka, na Dorah alilala kifuani mwa baba yake.

Asubuhi Caren alitoka kwenye roshani tupu. Chini, Humam alikuwa akifagia. Alifagia mchanga na majani tu.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Bi Amna alisimama kizingitini, akaachia mkono wa mjukuu wake. Lujain alitazama juu mara moja. Kisha akatembea hadi kwenye basi, bila kukimbia.